Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu magonjwa ya damu na saratani kwa watoto: kwa wazazi na walezi wa Tanga

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wazazi, bibi na walezi huyarudia kliniki, kwenye mabenchi ya kusubiri majibu ya maabara, na mara nyingi zaidi nyumbani, pale mtoto anapoongezewa damu kwa mara ya tatu na hakuna aliyeeleza kwa nini. Majibu hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona mtoto. Yamekusudiwa kumsaidia mzazi aelewe anachoambiwa, na ajue ni lini hapaswi kusubiri hata siku moja.

## Mambo ya msingi

Daktari bingwa wa damu na saratani kwa watoto hutibu magonjwa gani?

Huyu ni daktari wa watoto aliyesomea zaidi magonjwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni magonjwa ya damu yasiyo saratani: selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, upungufu wa damu usioisha, hemofilia na magonjwa mengine ya damu kutoganda, kushuka kwa chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, na hali ambapo uloto, yaani kiini laini kilicho ndani ya mifupa, huacha kutengeneza damu. Aina ya pili ni saratani za utotoni: saratani ya damu, saratani za tezi, uvimbe wa figo, saratani ya jicho, uvimbe wa ubongo, wa mifupa na wa misuli.

Magonjwa haya yamewekwa chini ya fani moja kwa sababu damu yote hutengenezwa kwenye uloto, na saratani inayowapata watoto wengi zaidi duniani, yaani saratani ya damu, huanzia humo humo. Tena mtoto anayetibiwa saratani ya aina yoyote hupungukiwa damu kutokana na dawa, kwa hiyo anayemtibu hana budi kuijua damu vizuri.

Je, mtoto akipelekwa kwa daktari huyu maana yake ana saratani?

Hapana. Watoto wengi wanaofika kwake kutoka maeneo ya pwani wana selimundu au upungufu wa damu ambao chanzo chake hakijajulikana. Hofu ya neno saratani huwafanya baadhi ya wazazi wafiche barua ya rufaa kwenye droo, na jambo hilo huumiza, kwa sababu barua hiyo mara nyingi humpeleka mtoto kwenye ugonjwa unaotibika kwa vidonge na uangalizi.

Watoto hupataje saratani wakati hawavuti sigara wala hawanywi pombe?

Saratani nyingi za watoto hazitokani na mwenendo wa maisha. Chembe za mwili wa mtoto hugawanyika kwa kasi anapokua, na kosa likitokea kwenye vinasaba vya chembe moja bila kurekebishwa, chembe hiyo huendelea kujizalisha bila mpaka. Sehemu ndogo tu ya saratani za watoto hurithiwa, na mfano ulio wazi ni baadhi ya saratani za jicho. Mama hakusababisha ugonjwa huu kwa chakula alichokula alipokuwa mjamzito, wala kwa kutotimiza jambo fulani la mila. Saratani haiambukizi pia: ndugu zake wanaweza kula naye sahani moja na kulala naye chumba kimoja.

## Upungufu wa damu

Mwanangu huambiwa kila mara kwamba damu imepungua. Ni lini niombe uchunguzi zaidi?

Upungufu wa damu ni jambo la kawaida mno kwetu: zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wanao kwa kiwango fulani. Sababu kubwa ni malaria, lishe yenye madini chuma kidogo, na minyoo ya safura inayonyonya damu utumbani. Sababu hizi hutibika katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya bila kuhitaji bingwa.

Hata hivyo, mazoea haya ndiyo yanayoficha magonjwa mengine. Omba kipimo cha picha nzima ya damu, ambacho hospitalini hukiita FBP, ikiwa mtoto ameongezewa damu zaidi ya mara moja, ikiwa damu inashuka ilhali vipimo vya malaria havionyeshi vimelea, ikiwa macho huwa ya njano, ikiwa ana madoa mekundu au michubuko asiyoiangukia, au ikiwa ana mitoki na tumbo limevimba pamoja na kupauka. Kipimo hiki huonyesha wingi wa damu, chembe nyeupe na chembe sahani kwa pamoja. Aina mbili au zote tatu zikiwa na kasoro kwa wakati mmoja, tatizo huenda liko kwenye uloto, na hapo mtoto asirudishwe nyumbani na dawa ya kuongeza damu pekee.

Juisi ya rozela, mchicha na maini vinatosha?

Vyakula hivi ni vizuri, na maini, dagaa, maharage na mboga za majani vinafaa kuwa kwenye sahani ya mtoto yeyote. Ndimu kwenye chakula husaidia mwili kufyonza madini chuma, ilhali chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia. Hilo la chai lizingatiwe, kwa sababu katika nyumba nyingi za Tanga mtoto mdogo hupewa chai asubuhi na jioni. Lakini hakuna juisi inayotibu selimundu wala saratani ya damu. Zaidi ya hayo, mtoto mwenye selimundu asipewe dawa zenye madini chuma kiholela, kwa kuwa damu anayoongezewa tayari humwachia madini hayo mwilini, na yakizidi hudhuru ini na moyo. Anachohitaji kila siku ni foliki asidi, vitamini inayosaidia mwili kutengeneza damu.

## Selimundu

Selimundu ni nini, na kwa nini iko kwa wingi kwetu?

Ni ugonjwa wa kurithi ambapo chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu zinapokosa oksijeni. Chembe hizo hufa mapema, ndiyo maana mtoto hupauka na macho kuwa ya njano, na pia huziba mishipa midogo, ndiyo maana huumwa mifupa. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka nchini, na Tanzania imo katika kundi dogo la nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani.

Wingi huo una historia. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alieleza, kutokana na kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi, katika maeneo kama tambarare za Muheza, Pangani na Mkinga ambako mbu hawakosi, waliobeba kinasaba hicho waliishi zaidi na kukirithisha. Mtoto anayerithi kinasaba hicho kutoka kwa baba na kwa mama ndiye anayeugua.

Sisi wawili hatuumwi. Mtoto ameupata wapi?

Mbebaji wa kinasaba kimoja haumwi, na anaweza kufika uzeeni bila kujua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa, asilimia 50 wa mtoto mbebaji, na asilimia 25 wa mtoto asiye na kinasaba hicho. Uwezekano huu huanza upya kwa kila mimba. Mtoto mmoja kuugua hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Kwa hiyo ugonjwa hutoka pande zote mbili kwa usawa, na ndoa zinazovunjika kwa kumlaumu mama huvunjika kwa jambo ambalo si kweli.

Dalili zake za mwanzo ni zipi?

Mara nyingi huanza kuonekana kuanzia miezi sita, aina ya damu ambayo mtoto huzaliwa nayo inapopungua. Viganja na nyayo huvimba, mtoto hulia akiguswa na kukataa kusimama. Wengine huanza kwa homa kali, macho ya njano, au bandama kuvimba ghafla. Huku kwetu maumivu haya huitwa baridi yabisi, au husemwa kwamba mtoto ametupiwa kitu. Familia itakayotaka kumsomea mtoto dua haizuiwi na daktari yeyote mwenye busara, lakini chale juu ya bandama zinaweza kumletea maambukizi ambayo mwili wake hauwezi kuyapiga vita, na zisichanjwe kamwe.

Je, inatibika?

Inadhibitika vizuri, na kwa baadhi ya watoto inaweza kuponywa. Mtoto aliyegundulika hupewa penisilini kila siku hadi atimize angalau miaka mitano, foliki asidi, kinga ya malaria pamoja na chandarua, na chanjo zote bila kuruka hata moja. Dawa iliyobadilisha maisha ya watoto hawa ni haidroksiurea. Utafiti uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, na kutangazwa matokeo yake katika miaka ya 2018 na 2019, ulionyesha kuwa watoto wa Kiafrika wanaoinywa hupungukiwa maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Hunywewa kila siku, si wakati wa maumivu tu, na inahitaji kupima damu mara kwa mara. Wazazi wengi huiacha mtoto akishapata nafuu, na miezi michache baadaye huwa wanarudi wodini.

Tiba ya kuponya ni kupandikizwa uloto kutoka kwa ndugu anayelingana naye. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 tu wa kulingana, kwa hiyo si kila mtoto anaweza kuipata, na asiyeipata asidharau tiba ya kila siku.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kufunga Ramadhani, kuogelea baharini, au kwenda Lushoto?

Kiu na baridi ni miongoni mwa mambo yanayochochea maumivu. Kukaa bila maji tangu alfajiri hadi magharibi, hasa kwa joto la Tanga, ni hatari ya kweli, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Ongea na daktari, kisha na sheikh, kabla ya Ramadhani kuingia. Baharini aingie maji yakiwa na joto, asikae muda mrefu, akaushwe na kuvishwa mara anapotoka. Lushoto aende akiwa na nguo nzito na chupa ya maji.

Ni lini nimkimbize hospitali usiku huohuo?

Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi. Kupumua kwa shida au kifua kuuma. Kupauka ghafla na tumbo kujaa upande wa kushoto. Mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande, au kushindwa kusema. Na uume kusimama kwa maumivu bila kushuka, jambo ambalo wavulana huona haya kulisema, kwa hiyo waambiwe mapema kwamba ni ugonjwa na wasikae kimya.

## Damu isiyokatika

Mwanangu alitahiriwa na damu haikukatika kwa siku mbili. Ni ajali ya ngariba?

Huenda, lakini damu inayotoka kwa muda mrefu namna hiyo baada ya tohara ni sababu tosha ya kupimwa hemofilia. Huu ni upungufu wa protini ya kugandisha damu, ama ya nane ama ya tisa. Huwapata wavulana kwa sehemu kubwa, na mara nyingi hupitia kwa mama ambaye yeye haumwi. Uliza kama mjomba wa mtoto, kwa upande wa mama, alitoka damu jandoni au alivimba magoti tangu utotoni. Palipo na historia hiyo, mvulana apimwe kabla ya kutahiriwa, na tohara ifanyike hospitalini. Mtoto mwenye hemofilia asipewe aspirini wala ibuprofeni, wala asichomwe sindano ya msuli pasipo daktari kujua.

Madoa mekundu yalimtoka ghafla baada ya mafua. Je, ni saratani ya damu?

Mara nyingi sivyo. Baada ya maambukizi ya virusi, kinga ya mwili wa mtoto inaweza kushambulia chembe sahani kwa makosa. Mtoto huwa mchangamfu, hana homa, hajapauka, ila ana madoa na michubuko. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Lakini tofauti hii hutambuliwa kwa picha nzima ya damu, si kwa macho, kwa hiyo apelekwe siku hiyohiyo.

## Saratani za utotoni

Ni dalili zipi zinazopaswa kunishtua?

Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa simu yenye mwanga, au jicho lililoanza kupinda, huweza kuwa saratani ya jicho. Wengi wanaoipata wana chini ya miaka mitano, na ikiwahiwa mtoto huokolewa, pengine pamoja na jicho. Uvimbe mgumu tumboni, ambao mama huugusa akimwogesha mtoto, huweza kuwa wa figo. Hapa lipo onyo moja muhimu: tumbo hilo lisikandwe wala kuchuliwa na mtu yeyote, kwa kuwa uvimbe unaweza kupasuka na kusambaza ugonjwa.

Taya linalovimba haraka na meno kulegea kwa mtoto ambaye fizi zake hazikuwa na ugonjwa huweza kuwa limfoma ya Burkitt, moja ya saratani za tezi. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, na baadaye ilidhihirika kwamba huenea panapoenea malaria. Ukanda wetu wa pwani umo. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivyo kung'oa jino na kusubiri wiki tatu kuona kama taya litashuka ni kupoteza muda usiorudi. Faraja yake ni kwamba kasi hiyohiyo huufanya usikie dawa vizuri.

Dalili nyingine ni mitoki isiyouma na isiyokwisha kwa wiki kadhaa, homa ya muda mrefu isiyo na sababu, maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, kuumwa kichwa asubuhi pamoja na kutapika, na kuyumba anapotembea. Nyingi ya dalili hizi zina sababu nyepesi. Kinachozitofautisha ni kutokwisha na kuongezeka.

Duka la dawa walitupa prednisoloni na uvimbe ukashuka. Bado tuendelee na rufaa?

Ndiyo, tena haraka zaidi. Dawa za jamii ya prednisoloni, yaani steroidi, huua kwa muda chembe za saratani ya damu na za limfoma, kwa hiyo mtoto huonekana amepona ilhali ugonjwa umejificha, na vipimo vinavyofuata huweza kushindwa kuutambua. Mwambie daktari jina la dawa, siku aliyoianza na siku aliyoiacha. Nalisisitiza hili kwa sababu ni kosa linalofanyika kwa nia njema kabisa.

Saratani ya mtoto inapona?

Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi zenye kipato cha chini wanaopona ni chini ya asilimia 30, na tofauti hiyo husababishwa na kuchelewa kugunduliwa, kugunduliwa vibaya, kukosa dawa na kuacha matibabu katikati. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mwaka 2018 wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo mwaka 2030. Kuchelewa na kuacha matibabu ni mambo ambayo familia na kituo cha afya cha kijijini wanaweza kuyabadilisha bila mashine yoyote mpya.

## Rufaa na matibabu

Kutoka Tanga tunaanzia wapi, na gharama ni nani anayelipa?

Anza zahanati au kituo cha afya, upewe rufaa ya hospitali ya wilaya au ya Bombo, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa saratani, mtoto hupelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako matibabu ya saratani kwa watoto hutolewa bila malipo kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Tumaini la Maisha. Mionzi, kwa anayeihitaji, hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Familia za Lushoto na Korogwe zinaweza pia kuuliza kuhusu hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kwa kuwa njia ni fupi kuliko ya Dar es Salaam. Nauli na riziki ya waliobaki nyumbani ndiyo mizigo mizito. Mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kusafiri, mweleze hali yako waziwazi, na uulize mahali pa kufikia mzazi.

Sindano ya mgongo si inaua au kupoozesha?

Haiui. Huchomwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, kuchukua maji kidogo ya kupima na kuweka dawa, kwa sababu saratani ya damu hupenda kujificha kwenye ubongo ambako dawa za dripu hazifiki vizuri. Sifa yake mbaya imetokana na kwamba huchomwa watoto mahututi, wenye homa ya uti wa mgongo kwa mfano, na akifa mmoja wao lawama huenda kwa sindano badala ya ugonjwa.

Matibabu huchukua muda gani, na nyumbani niangalie nini?

Limfoma ya Burkitt hutibiwa kwa miezi michache. Saratani ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto huhitaji miaka miwili hadi mitatu, ambayo sehemu kubwa mtoto huipitisha nyumbani akinywa dawa na kuhudhuria kliniki. Uvimbe wa figo huhitaji dawa na upasuaji, mara nyingine pamoja na mionzi. Nywele huota tena.

Akiwa nyumbani, homa ya nyuzi 38 ni dharura, kwa sababu dawa hushusha chembe nyeupe na maambukizi yanaweza kumuua kwa saa chache. Usimpe panado ukasubiri asubuhi, wala usimpachike dawa njia ya haja kubwa. Nenda hospitali iliyo karibu, onyesha kadi ya Muhimbili, na piga simu wodini ukiwa njiani.

## Hali zisizo za kawaida

Kipimo cha selimundu kilitoka safi, lakini dalili zote anazo. Inawezekana?

Inawezekana ikiwa alipimwa muda mfupi baada ya kuongezewa damu, kwa kuwa kipimo huona damu ya mchangiaji. Arudie baada ya miezi mitatu hivi tangu aongezewe, au wapimwe wazazi wakati wa kusubiri.

Ana selimundu na sasa ana mitoki. Je, mtu anaweza kuwa na selimundu na saratani kwa pamoja?

Anaweza, selimundu haimkingi mtoto na saratani wala na kifua kikuu. Dalili mpya isihesabiwe kuwa ni ya ugonjwa wa zamani hadi ichunguzwe. Kuhusu dawa za kuepuka kabla ya vipimo, tazama swali la prednisoloni hapo juu.

Ndugu zake wapimwe?

Kwa selimundu, ndiyo, wote, hata wasioumwa. Kwa saratani ya jicho, wadogo zake wakaguliwe macho mapema na daktari wa macho. Kwa saratani ya damu na saratani nyingine nyingi hakuna kipimo kinachohitajika kwao. Kuhusu chanjo za walio nyumba moja na mtoto anayetumia dawa za saratani, muulize daktari wake kabla ya kila chanjo, kwa sababu baadhi ya chanjo huwa na vijidudu hai.

Amemaliza matibabu na anaonekana mzima. Kwa nini bado anaitwa kliniki?

Kwa sababu ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka ya kwanza, na ukikutwa mdogo unashughulikika. Pia baadhi ya dawa huweza kuathiri moyo, usikivu au uzazi miaka mingi baadaye. Tunza karatasi inayoonyesha dawa alizopewa na vipimo vyake, kwa sababu atakapokuwa mtu mzima, daktari atakayemwona Bombo au kwingineko atahitaji kuisoma.